Kifungo

Kinyozi alikuwa baba yangu, Jabez Holroyd,
na mimi ndiye niliyekoroga povu
kila Jumamosi usiku, pale Todmorden,
mji uliobanwa na vilima kama ulimi na meno,
wanaume kumi na wawili kwenye benchi moja
wakinuka mafuta ya mashine na pamba mbichi,
peni moja kwa kidevu.

Shule sikupelekwa. Siasa niliisomea mashavuni:
lipi laini, lipi lina kovu,
lipi huruka likisikia neno “mkate.”

Bwana Ormerod, mwenye kiwanda, hakukaa benchi.
Alifika wa mwisho, akaketi wa kwanza,
akanena kichwa nyuma, koo wazi,
kwa utulivu wa mtu ajuaye kwamba wembe ameukodi:
“Serikali ikae mbali. Kila mtu auze alicho nacho,
mwenzake anunue apendacho.
Upo mkono, hakuna auonaye,
unaopanga mikate mezani pa wote.”
Baba akasema, “Ndiyo, Bwana,” akafuta povu.

Ndipo mlango ukasukumwa kwa bega.
Enoch Sutcliffe, msokota nyuzi wa orofa ya tatu,
mkono wa kulia umekomea kwenye kiwiko,
shati wazi hadi kitovuni, na ni Januari.
“Usioonekana ni huu wangu,” akasema.
“Uliondoka na mkanda wa mashine.
Kama bado unapanga mikate, Bwana,
mbona kwangu haujafika?”

Hakuna aliyecheka. Kisha wote wakacheka.

“Alitia saini mwenyewe,” akasema Ormerod.
“Kwa mkono huo huo,” akajibu Enoch.

Basi maneno yakamwagika kama mtama.
Kasisi Crabtree alililia zamani,
bwana alipojua hata jina la mbwa wa mpangaji wake;
uhuru huu, alisema, umemwacha kila mtu yatima.
Aliamini kweli. Machozi yalichora njia kwenye povu.

Amos Lumb alitaka kiberiti. Hilo tu.
Kiberiti, na usiku usio na mwezi.

Karani Whitworth akafuta miwani mara tatu:
“Uhuru siupingi. Nautilia sakafu.
Saa kumi za kazi, mkaguzi, shule, uzio kwenye mkanda.”
“Na nani atamlipa mkaguzi?” mtu akauliza,
wakalijadili hilo hadi makaa yakafa.

Lakini Fielden, mshona viatu vya mbao,
alichukua chaki akaandika ukutani mwa baba:
peni mbili kwa wiki, kaya arobaini,
haba na haba, gunia la unga lisilo na chokaa,
kisha duka, kisha kiwanda, kiwanda chetu,
hata ukuta ukamwishia, akapanda kiti.
Nikamuuliza kama wasichana nao wana hisa.
Akasema hilo tutalizungumza.

Sasa mimi ni bibi. Uzio uliwekwa,
mwaka ule ule tuliomzika Enoch.
Lumb alifungwa miaka saba, akarudi mpole, jambo lililonisikitisha.
Dukani kwa Fielden nanunua unga;
mizani yake haidanganyi, foleni yake ndefu.
Hisa niliipata nina miaka hamsini na mmoja.
Wajukuu huniuliza nilikuwa upande gani usiku ule.

Nilikuwa upande wa mlangoni, na bakuli langu.
Walikuwa wamesimama wote, wakinyoosheana vidole,
mikono ishirini na mingapi sijui, yote mizima,
na katikati yao mtu huru, kifua wazi,
akitetemeka kwa kukosa kifungo.

Niliweka bakuli chini.
Nikaanza kitovuni, nikapanda.
Kimoja, viwili, vitatu, vinne, vitano.
Shingoni palikuwa na uzi tu, umekatika.
“Cha sita usikitafute, binti,” akasema.
“Kiko kule kule kiwandani.”